Usukani wa Ardhini: Namna ya Kumkabidhi Rubani Msaidizi

Ukitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenda Lilongwe utaingia barabara ya M1, kisha utapita Lumbadzi, penye njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Kamuzu. Kwa familia nyingi za kambini, hapo ndipo pa kuagana: basi, mifuko myeupe ya shirika la uhamiaji, IOM, machozi, kisha ndege. Anayesafiri kwa mara ya kwanza huogopa kupaa. Hakumbuki kuogopa zile dakika ambazo ndege inatambaa ardhini kama lori lililopakia matofali. Na ni katika dakika hizo linapozuka swali ambalo kila kijana anayeota urubani atakutana nalo: je, rubani msaidizi aruhusiwe kutembeza jeti ardhini, au usukani wa ardhini ubaki kwa rubani mkuu peke yake?

Jibu langu: aruhusiwe, lakini akabidhiwe kwa utaratibu. Hapa chini ni utaratibu wenyewe, na baada yake zoezi ambalo unaweza kulifanya kesho kwenye uwanja wa mpira wa Dzaleka, bila ndege.

Kwanza, jua ubishi uko wapi

Angani, jeti huendeshwa kutoka viti vyote viwili. Mkuu akirusha safari ya kwenda, msaidizi anaweza kurusha ya kurudi. Ardhini mambo hubadilika. Kanyagio za miguu huligeuza gurudumu la pua kidogo tu, kama nyuzi 7 kwa Boeing 737. Kona hasa hukatwa kwa usukani mdogo ulio ubavuni mwa kiti, ambao huweza kuligeuza gurudumu hilo hadi nyuzi 78. Katika 737 nyingi usukani huo uko kushoto tu, kwa mkuu. Katika Airbus A320 uko pande zote mbili. Kwa hiyo, kabla hujabishana juu ya nani aruhusiwe, tazama chuma kimefungwa wapi na mwongozo wa shirika unasemaje. Ukarimu wa mkuu mmoja siku moja hauwi ruhusa.

Wanaokataa wana hoja nzito. Mabawa ya 737-800, ncha hadi ncha, yanakaribia mita 36, na rubani hazioni ncha hizo vizuri. Maegesho yamejaa magari ya mizigo, ngazi na watu. Tena, Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago kinamfanya rubani mkuu awajibike kwa ndege, awe ameshika usukani au hakuushika.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. Sheria inazungumzia dhamana. Mikono ni jambo jingine. Lugha yetu yenyewe iliwahi kulijua hili. Jahazini nahodha ni mmoja, lakini usukani una mshika usukani wake, na rubani ni yule anayeijua miamba na mikondo. Waliovuka Ziwa Tanganyika kwa boti usiku wanalijua pia: anayeshika mashine nyuma si lazima awe yule anayesimama mbele akitazama maji. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ni kweli. Nahodha mmoja mwenye macho huru ni habari nyingine.

Hatua za kukabidhi

1. Chora njia kabla magurudumu hayajazunguka. Maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege yaandikwe, yarudiwe kwa redio, kisha marubani wote wawili wayafuatilie kwa kidole juu ya ramani ya uwanja: tunatoka hapa, tunapita kiungio hiki, tunasimama pale. (Kiungio ni njia ambayo ndege hutembea ardhini kati ya maegesho na njia ya kurukia.) Uwanja wa Kamuzu una njia moja ya kurukia, 14/32, yenye urefu wa mita 3,540. Ramani yake ni nyepesi. Wepesi huo usikudanganye. Uzembe hujifunzwa kwenye viwanja vyepesi na kulipiwa kwenye vigumu.

2. Kabidhi kwa kauli. “Usukani ni wako.” “Usukani ni wangu.” Kauli mbili, sauti mbili, kila mara. Kutikisa kichwa hakutoshi. Kati ya kauli ya kwanza na ya pili, aliyeushika bado anaushika.

3. Anzia penye nafasi. Siku za mwanzo msaidizi apewe kiungio kirefu kilichonyooka, mchana, pakiwa pakavu. Kona kali zifuate baadaye, na maegesho yaje mwisho kabisa. Kwenye kona mwendo usizidi noti 10 hivi, ambazo ni kama kilomita 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya kabaza. Kwenye ukungu, mvua kubwa au maegesho finyu, mkuu aushike mwenyewe, na msaidizi asione kwamba ameaibishwa.

4. Asiyeendesha asizame kwenye karatasi. Hili ndilo kosa la wengi: msaidizi anaendesha, mkuu anajaza fomu. Tarehe 22 Desemba 2013, Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikianza safari ya London ilikosa kukata kona kwenye kiungio cha uwanja wa Johannesburg. Ilinyoosha kuingia njia nyembamba zaidi, na bawa lake la kulia likapasua jengo la ofisi. Watu 202 waliokuwa ndani ya ndege walitoka salama. Wafanyakazi wanne waliokuwa jengoni waliumia. Ndani ya ndege hiyo palikuwa na marubani wazoefu, ila macho yalikuwa kwingine.

5. Mpe msaidizi haki ya kusema “simama”. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala usiku kwenda Nairobi bila kibali cha mnara, ikaanguka muda mfupi baadaye. Watu 114 walikufa. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi 23, na uchunguzi ulitaja uratibu mbovu kati yao. Kwetu kijana hafundishwi kumkatiza mzee, na hiyo ni adabu njema mezani. Ndani ya chumba cha marubani, mkuu ndiye wa kuitengua, tena kabla ya safari: “Ukiona jambo, sema. Nitasimama kwanza, tutaulizana baadaye.” Msaidizi naye asijifiche nyuma ya heshima. “Mzee, naomba tusimame” ni adabu tosha.

6. Soma dira kabla ya kupokea. Namba za njia ya kurukia ni dira iliyofupishwa: ukiwa kwenye 14, dira isome karibu na 140, kwenye 32, karibu na 320. Alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, huko Lexington, Marekani, rubani mkuu wa ndege ya Comair aliitembeza jeti yake hadi kwenye njia ya kurukia, kisha akamkabidhi msaidizi airushe. Walipewa njia ya 22, yenye zaidi ya mita 2,100. Walikuwa kwenye ya 26, yenye nusu ya urefu huo. Njiani walikuwa wamepiga soga zisizohusu kazi. Kati ya watu 50 walikufa 49, akabaki hai msaidizi peke yake. Jicho moja kwenye dira lingetosha kuwaonya.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme aruhusiwe. Ardhini alishika mkuu, kama desturi inavyotaka, na desturi haikuwaokoa. Zaidi ya hapo, msaidizi asiyewahi kushika usukani wa ardhini ataushika kwa mara ya kwanza siku atakapopandishwa cheo, abiria wakiwa nyuma yake. Na siku mkuu akizidiwa na ugonjwa angani, yeye atatua vizuri, halafu ataisimamisha ndege katikati ya njia ya kurukia asijue namna ya kuitoa.

Zoezi la mianzi

Tafuta mwanzi wa mita 4 na mwingine wa mita 3.6. Huo ndio urefu na upana wa 737-800, ukigawanya kwa kumi. Kwenye vumbi la uwanja, chora kwa majivu mstari mmoja ulionyooka wenye kona ya mraba. Panga matofali machache kando ya kona; hayo ni magari ya mizigo.

Kijana wa kwanza aubebe mwanzi mrefu hatua fupi kutoka ncha ya mbele: yeye ni gurudumu la pua. Wa pili aubebe mita moja na nusu nyuma yake: yeye ni magurudumu makuu. Funga mwanzi mfupi kwa msalaba pale alipo wa pili. Hayo ni mabawa. Sasa tembeeni. Wa mbele akikanyaga mstari sawasawa kwenye kona, tazameni miguu ya wa nyuma: itakata ndani, na bawa litafagia tofali. Rudieni, safari hii wa mbele aupite mstari kidogo ndipo ageuke. Wa nyuma atabaki njiani. Hiyo ndiyo siri ya kona za ndege kubwa, na mmeijua kwa mianzi miwili.

Kisha mleteni wa tatu. Huyu ndiye mkuu: mikono nyuma, haruhusiwi kugusa mwanzi. Kazi yake ni kutazama mabawa na kusema “simama” kabla ya tofali kuguswa, si baada. Badilishaneni zamu. Wengi watagundua kwamba kubeba ni rahisi kuliko kusimamia bila kunyang’anya.

Sijasema kwamba njia ya kutoka Dzaleka hadi kiti cha rubani ni fupi. Mkimbizi nchini Malawi amebanwa na sheria ya kuishi kambini, na masomo ya urubani ni ghali popote. Lakini mbinu hii haingoji leseni. Dereva wa lori na utingo wake, fundi cherehani na mwanafunzi wake, wote wana usukani wa kukabidhi. Wewe uliye mkubwa, chagua leo kipande cha kazi kilichonyooka, tamka “ni wako”, weka mikono nyuma, na usiondoe macho.