SOMO LA WIKI: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia – namna ya kutambua toleo la Xbox kwa chipu yake ya usimamizi

Anayenunua robota la mitumba hulipa kabla ya kuona kilichomo, na wengi wetu tunaujua uchungu wa kulifungua na kukuta makoti mazito wakati wa joto. Biashara ya mashine za michezo ya video zilizotumika inafanana na hiyo kwa jambo moja: ganda la nje halisemi kilichomo ndani. Wiki hii tunajifunza kuitambua Xbox ya kwanza ya kampuni ya Microsoft, ambayo iliingia sokoni Marekani tarehe 15 Novemba 2001 na kuuzwa zaidi ya milioni 24 duniani kabla ya uzalishaji kusimamishwa.

Mashine hizo zote zina sura moja. Ndani, hata hivyo, bodi kuu ilibadilishwa mara kadhaa ili kupunguza gharama. Mafundi wameyapa mabadiliko hayo namba: 1.0, 1.1, 1.2, 1.3, 1.4 na 1.6. Namba hizi hazikuchapishwa kwenye ganda. Anayezijua hununua kwa macho wazi. Asiyezijua hununua kwa bahati.

Kwa nini toleo lina thamani ya fedha

Tofauti kubwa ni kapasita ya saa. Katika matoleo ya 1.0 hadi 1.4 kuna kapasita ndogo inayotunza saa umeme unapokatika. Kwa miaka mingi kapasita hiyo huvuja maji yanayokula njia za shaba za bodi. Dalili mojawapo ni mashine kujiwasha yenyewe, na mwisho wake ni bodi kufa. Dawa ni kuitoa na kusafisha bodi. Hasara pekee ni kwamba saa itapotea kila uchomoapo waya. Toleo 1.6 lina kapasita ya aina nyingine, isiyo na sifa hiyo mbaya, na haifai kuitoa bila kuweka nyingine, kwa sababu mashine inaweza kukataa kufanya kazi. Kinachoponya toleo moja kinaweza kuua jingine.

Tofauti ya pili ni matumizi. Hadi 1.4 bodi ina nafasi wazi za kuongeza kumbukumbu kutoka megabaiti 64 hadi 128, na chipu yake ya kuwashia inaweza kuandikwa upya. Toleo 1.6 halina nafasi hizo, na chipu yake haiandikiki upya. Mnunuzi anayetaka mashine ya kufanyia majaribio hatafurahi ukimpa 1.6 huku ulimwahidi 1.1.

Chipu ya usimamizi ni nini

Ndani ya kila Xbox kuna chipu ndogo isiyolala maadamu waya umo ukutani. Kazi yake ni kuwasha na kuzima mashine, kufungua mlango wa diski, kupima joto, kuamuru mwendo wa feni, kuwasha taa ya mbele na kutambua aina ya waya wa televisheni. Katika matoleo ya 1.0 hadi 1.4 ni chipu ya PIC16LC63A. Katika 1.6 kazi hiyo iliunganishwa na ile ya chipu ya kuwashia ndani ya chipu moja iitwayo Xyclops.

Chipu hii pia ni mlinzi. Mashine inapowaka, huiuliza programu kuu swali la siri. Isipojibiwa sawasawa na kwa wakati, huzima mashine na kuanza upya. Baada ya kujaribu mara tatu, taa ya mbele humweka nyekundu na kijani. Ukiona taa hizo, jua kwamba mashine imeshindwa kuwaka ipasavyo.

Chipu hiyo huendeshwa na femwea, yaani programu iliyochomwa ndani yake kiwandani. Femwea ya PIC huandikwa mara moja tu. Diski kuu inaweza kubadilishwa, ganda linaweza kubadilishwa, hata programu ya kuwashia inaweza kuandikwa upya. Lakini kubadilisha femwea hii lazima ung'oe chipu yenyewe. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito kuliko maneno ya muuzaji.

Hatua ya kwanza: soma namba ya mashine

Namba iliyo chini ya mashine ina tarakimu 12. Ya kwanza ni mstari wa uzalishaji, sita zinazofuata ni namba ya mashine, kisha tarakimu moja ya mwaka, mbili za wiki, na mbili za kiwanda. Kiwanda 02 ni Mexico, 03 ni Hungaria, 05 ni China na 06 ni Taiwan. Kwa hiyo namba inayoishia 30805 ni ya mwaka 2003, wiki ya 8, China.

Hapo hapo angalia mambo mawili. Mwezi Februari 2005 Microsoft ilitangaza kubadilisha nyaya za umeme milioni 14.1 kwa hofu ya moto. Zilihusu mashine zilizotengenezwa kabla ya tarehe 23 Oktoba 2003, na kwa Ulaya bara kabla ya tarehe 13 Januari 2004. Mashine ya tarehe za nyuma ya hapo ikija na waya wa zamani, hesabu gharama ya waya. La pili ni volti. Pawa saplai imo ndani na haijirekebishi yenyewe. Mashine ya soko la Marekani au Japani hutumia umeme wa chini, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanzania utaiunguza.

Hatua ya pili: fungua ganda

Skrubu sita za aina ya Torx T20 zimejificha chini, nyingine ndani ya miguu ya mpira na chini ya lebo. Ndani kuna tatu za T10 zinazoshika diski. Chomoa waya wa umeme kwanza. Feni ndogo juu ya chipu ya picha ni alama ya 1.0, kuanzia 1.1 feni hiyo iliondolewa, likabaki bati la kupozea joto peke yake. Kiunganishi cha umeme chenye safu mbili za pini hukuambia umefika 1.2 au zaidi.

Hatua ya tatu: iulize chipu yenyewe

Hatua hii huhitaji mashine iliyokwisha kufunguliwa kutumia programu za nje, kama ile ya XBMC ambayo baadaye, mwaka 2014, iliitwa Kodi. Programu huzungumza na chipu ya usimamizi kwenye anwani 0x20 na kusoma rejista 0x01 mara tatu. Kila usomapo hupewa herufi au tarakimu moja, na tatu hizo ndizo jina la femwea:

P01 – toleo 1.0
P05 – toleo 1.1
P11 – toleo 1.2, 1.3 au 1.4
P2L – toleo 1.6

Hapa wengi huteleza. Chipu hutoa herufi kwa mzunguko. Kama programu nyingine iliishia katikati, utaanza kusoma katikati, na P11 itaonekana kama 1P1 au 11P. Si toleo jipya wala si chipu bandia. Ni jina lile lile lililozungushwa. Kuandika sifuri kwenye rejista hiyo kabla ya kusoma huanzisha hesabu upya.

Hatua ya nne: tenganisha wenye jina moja

Femwea P11 haitenganishi matoleo matatu, kwa hiyo angalia chipu inayotengeneza picha ya televisheni. Ya Conexant ni 1.2 au 1.3, ya Focus ni 1.4. Toleo 1.6 lina yake iitwayo Xcalibur. Kwa anayetumia programu, Conexant hujibu kwenye anwani 0x45, Focus 0x6A na Xcalibur 0x70. Tofauti ya 1.2 na 1.3 ni ndogo. Usimlipe mtu zaidi kwa ajili yake.

Tahadhari: muuzaji akikuonyesha namba za K na D kwenye skrini ya mipangilio, usidhani hizo ndizo toleo la bodi. K ni programu ya kuwashia, ambayo huandikwa upya. D ni programu ya menyu, ambayo ilisasishwa na michezo na huduma ya Xbox Live hadi huduma hiyo ilipofungwa kwa mashine hizi tarehe 15 Aprili 2010.

Hesabu ya faida

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Umenunua mashine 20 kwa Sh. 60,000 kila moja, jumla Sh. 1,200,000. Unatarajia kuuza kwa Sh. 90,000, upate Sh. 1,800,000, faida Sh. 600,000. Tano zikikutwa bodi zimeliwa na kapasita, utauza 15 kwa Sh. 1,350,000. Faida inabaki Sh. 150,000. Robo ya mali imeharibika, lakini robo tatu ya faida imekwenda nayo, na bado hujalipa fundi wala usafiri. Dakika ishirini za bisibisi kabla ya kulipa ni nafuu kuliko hapo.

Zoezi

Unaletewa mashine tatu. Ya kwanza namba yake inaishia 20703 na ina feni juu ya chipu ya picha. Ya pili inasoma 11P na ina chipu ya Focus. Ya tatu namba yake ni ya mwaka 2002, lakini inasoma P2L. Utasemaje?

Majibu: ya kwanza ni 1.0 ya Hungaria, wiki ya 7 mwaka 2002; kagua kapasita na waya. Ya pili ni 1.4, kagua kapasita. Ya tatu imevishwa ganda la mwingine, kwa sababu bodi za 1.6 zilitoka mwaka 2004. Iamini femwea, iache kapasita yake, kisha muulize muuzaji ganda lake halisi liko wapi. Jibu lake litakusaidia kupanga bei.