MALI YA MFUGAJI ILIYO CHINI YA ARDHI

Mfugaji wa Bonde la Ufa ayatazamapo malisho yake huona majani tu. Lakini yafaa ijulikane ya kwamba sehemu kubwa ya mali yake haionekani kwa macho, nayo ni mizizi, pamoja na udongo mweusi utokanao nayo.

Jani la nyasi huvuta hewa, na kwa nguvu ya jua hutwaa humo kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa. Sehemu yake hushuka mizizini. Mizizi ifapo huoza ikawa mboji, na yapata nusu ya uzito wa mboji kavu ni kaboni. Mboji ndiyo ishikayo maji ya mvua. Tena kaboni ikaayo udongoni haimo angani kuizidishia dunia joto.

Nyasi ikiliwa mara moja, huchipua kwa akiba iliyomo shinani na mizizini. Ikiliwa tena kabla ya kuirudisha akiba hiyo, mizizi hufupika, na mwisho hufa. Ardhi hubaki uchi, na mboji iliyokusanywa kwa miaka mingi huchukuliwa na mvua chache. Atakaye ushahidi na asimame ukingoni mwa Ziwa Baringo wakati wa mvua, aitazame rangi ya maji.

Huko Baringo, kaskazini ya Nakuru, dawa ilianza kujaribiwa mwaka 1982. Vipande vya ardhi tupu vilizungushiwa ua, vikatiwa matuta ya kuzuia maji, vikapandwa nyasi za asili zistahimilizo ukame, na mifugo ikazuiwa mpaka nyasi zikomae. Wenyeji wakapata majani ya kukata na ya kuezekea, mbegu za kuuza, na mahali pa kunenepesha ng'ombe. (Miaka hiyo hiyo ya 1980 mti wa mathenge nao uliletwa Baringo ili kuikinga ardhi, nao umekwisha kumeza malisho mengi. Si kila kilicho kijani ni neema.)

Mwenye ng'ombe wachache huko Njoro au Naivasha hana haja ya kungoja mradi. Na ayagawe malisho yake vipande vipande, awahamishe ng'ombe kabla hawajafika shinani, wala asiwarudishe mpaka nyasi zimepona. Hesabu moja ya siku haipo: wakati wa mvua nyasi hupona upesi, na wakati wa kiangazi huenda zisipone kabisa. Wala ua hausaidii kitu ikiwa ng'ombe wamezidi majani, neno ambalo wafugaji wengi hawapendi kulisikia.

Siku hizi wako pia wanunuzi wa kaboni. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 yaagiza kwamba, katika miradi ya ardhi ya jamii, wenyeji wapewe kila mwaka si chini ya sehemu 40 katika 100 za mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikiisha kutolewa. Hata hivyo mkataba na usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi, hasa hesabu ya miaka yake. Kaboni huingia udongoni polepole na kutoka upesi, na huenda atakayedaiwa ni mtoto ambaye bado hajaanza kuchunga.