Dondoo muhimu: Kutembea, kununua na kula kati ya Kitale na Kapsokwony

Mlima Elgon hulipa anayeamka mapema; mwenye kuchelewa hukutana na mvua na barabara ya utelezi.

1. Panda asubuhi. Mawingu hufunga mlima mchana, hasa kuanzia Aprili.
2. Kufika Kapsokwony, pitia Kimilili. Mapango ya hifadhi ya Mlima Elgon yako upande mwingine: toka Kitale, pita Endebess hadi lango la Chorlim. Wengi hukosea hapa wakapoteza siku nzima.
3. Lipa kiingilio cha hifadhi kwa eCitizen kabla hujatoka mjini. Mtandao mlimani si wa kutegemea.
4. Usiingie pango la Kitum bila askari wa wanyamapori. Tembo huingia humo usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Mwaka 1980 na 1987 watu waliougua homa ya virusi vya Marburg, ambavyo hubebwa na popo, walikuwa wamelitembelea, kwa hiyo usiguse popo wala kinyesi chao, vaa barakoa na glavu, nawa mikono.
5. Anzia jumba la makumbusho la Kitale siku ya mvua.
6. Sokoni uliza kwanza bei ya gorogoro, kopo la kupimia, kisha angalia viazi vya chini, si vya juu tu. Kwa heshima, mwite muuzaji mama au mzee, na usimpige picha bila ruhusa.
7. Agiza kuku wa kienyeji mapema. Huchukua muda kuiva, na anastahili kusubiriwa.
8. Mursik, maziwa ya kuchachushwa, ni tamu, lakini uliza kama maziwa yalichemshwa.
9. Beba sweta, noti ndogondogo na nauli ya kurudi. Magari hupungua jioni.