Usitoze bila risiti, mwanangu

*B.M. wa Hombo Nord anaandika: "Nimekaa bila kazi tangu nimalize shule. Sasa mkuu mmoja ameniita nitoze ushuru sokoni na karibu na daraja. Ananiambia nitoe risiti kwa wanaojua kuuliza tu, na jioni tutagawana. Nimeshatoza siku mbili za soko, sehemu yangu bado sijaigusa. Mama yangu anauza mihogo katika soko hilohilo. Nikikataa, wapo vijana wengi wanaoingojea nafasi hii. Nifanye nini?"*

B.M. mwanangu, barua yako nimeisoma na kuirudia. Kijana aliyekaa bila kazi akiitwa na mkuu, miguu hutangulia kabla akili haijauliza. Sikulaumu. Kwamba pesa ile bado hujaigusa kunanionyesha jibu tayari unalo moyoni, unatafuta tu mtu mzima wa kusimama nawe.

Pesa hiyo ni ya nani

Ushuru wa soko wenyewe si dhambi. Sekta yenu ni serikali ndogo yenye sanduku lake la feza, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ndiyo iliyoipa haki hiyo. Teritwari yenu ya Walikale, pamoja na ukubwa wake wote, haina sanduku la namna hiyo. Ni mkono wa serikali ya juu tu. Kodi ambazo majimbo na sekta vinaweza kutoza ziliorodheshwa tarehe 13 Machi 2018, na Katiba, ibara ya 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Basi kiasi unachodai lazima kiwe kimeandikwa mahali, na aliyelipa abaki na karatasi mkononi.

Litazame vizuri daftari la risiti. Namba imechapwa mara mbili: kipande kimoja anaondoka nacho mama wa mihogo, kishina kinabaki. Mhasibu akifunga hesabu anahesabu vishina. Ukimpa risiti mmoja na kuwanyima tisa, daftari litashuhudia kwamba siku ile soko zima lilikuwa na mtu mmoja. Mvua ikiharibu barabara, watu watauliza ushuru wao ulikwenda wapi, na daftari litajibu kwamba hawakulipa.

Hombo haiko kama miji mingine

Mji wenu umegawanywa na mto. Kwenu ni Walikale, Kivu Kaskazini. Ukivuka daraja uko Kalehe, Kivu Kusini, ambako utawala wa chini ni sheferi, si sekta. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, huku Kivu Kusini ikibaki na gavana wa kiraia. Mama anayebeba mawese kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine hukutana na serikali mbili kabla jasho halijamkauka. Ongeza barieri za njia ya Bukavu. Ongeza na ile "lala salama" ambayo wenye silaha wamewatoza wanavijiji wa Kivu kwa miaka.

Mama huyo atajuaje huu ni ushuru wa serikali na ule ni unyang'anyi? Kwa karatasi tu. Ukimtoza bila karatasi, machoni pake wewe na mwenye bunduki mmekuwa kitu kimoja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako.

Mkuu wako atajitetea

Atasema watumishi hawalipwi. Ni kweli, wengi hawalipwi. Katiba inayaachia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inazipa sekta na wenzao asilimia 40 ya fungu hilo. Kinachofika chini ni kidogo mno. Tena baraza la sekta, ambalo lingemuuliza mkuu hesabu mbele ya watu, halijawahi kuchaguliwa. Lakini deni la Kinshasa halilipwi na mama wa mihogo.

Ukikubali

Nitasema bila kuzunguka. Sheria ya jinai inamwadhibu anayeagiza kutoza kisichostahili, na inamwadhibu anayepokea. Siku za mwizi ni arobaini, na mara nyingi ya arobaini humwangukia mdogo. Uchunguzi ukija, mkuu atasema hakujua, na sura ambayo soko zima linaikumbuka ni yako. Halafu mama yako. Ukimtoza, umemwibia. Ukimruka, wenzake watamwona, na mikeka itaanza kutandikwa mbali na wake. Fungu la jioni halitamrudishia jirani.

Ukikataa kwa kelele

Usifanye hivyo. Sehemu zenu zina silaha nyingi, na kijana anayemtuhumu mkuu peke yake katikati ya soko anaweza asifike nyumbani.

Fanya hivi

Kabla ya soko lijalo mwendee faraghani, kwa heshima: "Mzee, kazi naipenda, sitaki siku moja ikuletee aibu." Mwombe barua ya kazi yenye muhuri, bei zibandikwe sokoni, na daftari lenye namba ambalo mtalihesabu pamoja na mhasibu asubuhi na jioni. Akikubali, fanya kazi kichwa juu. Akikataa, ondoka. Ibara ya 28 ya Katiba inasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria. Usimsomee ibara hiyo. Mwambie tu huiwezi kazi. Fungu lako mpelekee mhasibu mbele ya mtu mzima unayemwamini, uandikiwe.

Kuhusu vijana wanaongoja: ndiyo, mmoja ataichukua nafasi. Kwa hiyo zungumza na mama yako. Wamama wa soko wakianza wote siku moja kusema "risiti kwanza, baba", atakayetumwa atakuwa na kazi ngumu. Wakikataliwa, waandike barua moja yenye majina mengi kwa sekta, na nakala kwa msimamizi wa teritwari. Wewe usiwe wa kwanza kutia saini.

Niandikie ukishaonana naye, hata kama jibu lake ni baya.