Usinitajie Kitabu Tu, Niambie Nitakipataje

Kila kundi la wasomaji la WhatsApp nililopata kuingia lina ujumbe huu: picha ya jalada, vialama vitatu vya moto, na maneno mawili, "Hiki usikikose." Watu wanajibu kwa dole gumba. Mmoja anauliza kinapatikana wapi, hajibiwi. Kisha mtu anaingiza habari za Simba na Yanga, na kitabu kinafia hapo hapo. Kwa anayeishi Dar es Salaam huenda ujumbe huo unatosha. Atashuka daladala Posta, aulizie dukani. Sisi wa Lingeka, mkoani Simiyu, tukitajiwa riwaya tunaanza kufikiria basi.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Msimu wa pamba ukifunguliwa sipati hata nafasi ya kugusa kitabu, lakini miezi mingine kibanda kinatulia na wateja wameshazoea kunikuta nimeinamia kurasa. Kundi letu lilianzia kibandani: mwalimu aliyekuja kutoa hela, fundi cherehani wa jirani, muuguzi mmoja, baadaye ndugu na marafiki zao wa Maswa, Itilima na Mwanza. Maduka ya Bariadi ninayoyajua huuza zaidi madaftari na vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya nyingi tunazosoma zimetoka Mwanza au Dar, zikapitia mikononi mwa konda. Hali hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kumshauri mtu kitabu.

Huu hapa ujumbe nilioandika nilipokuwa nasoma riwaya ya Aniceti Kitereza:

"Mwangaluka wote. Nasoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni mume na mke wa Ukerewe, wanapendana, mtoto hawajapata, na wakwe wamemchukua binti yao. Mume kamfuata, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Kinakwenda polepole, kina kilimo, uvuvi, dawa za miti na salamu ndefu, hivyo anayetaka bastola asubiri kingine. Ni kinene. Nikimaliza naazimisha, nauli ya mzigo ni juu yako."

Niliwategemea walimu. Aliyejibu wa kwanza ni fundi cherehani: "Mitungi mingapi?" Nikamwambia sisemi. Akauliza tena jioni, na kesho yake akaja kibandani kuuliza ana kwa ana. Mtu huyo alikuwa ameoa mwaka ule ule na wakwe zake hawakuwa wepesi. Alikichukua kitabu, akawa anakisoma nguo zikisubiri, na wenye nguo wakanilalamikia mimi.

Angalieni nilichokiacha. Sikusema kwamba Kitereza aliandika kwa Kikerewe na kumaliza mwaka 1945, wala kwamba alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Habari hizo ni nzito na zinasikitisha, lakini msomaji anazitaka akishawapenda Myombekere na Bugonoka. Ukianza na wasifu wa mwandishi, watu wanahisi mtihani umekaribia. Mimi huzituma mtu akifika katikati, na hapo ndipo zinapomuuma.

Kuhusu kueleza unachosoma sasa, taja sura, usitaje ukurasa. Matoleo yanatofautiana. Tuliposoma Kuli ya Adam Shafi mmoja alikuwa na nakala kuukuu na mwingine mpya, na "niko ukurasa wa arobaini" ikazaa ubishi usio na maana. Sema badala yake kitu kimoja kilichokukamata: jinsi makuli wa bandari ya Zanzibar wanavyobeba magunia, au pale Rashidi, mmoja wao, anapoanza kuelewa kwa nini watu wanazungumzia mgomo. Riwaya ile imejengwa juu ya mgomo wa mwaka 1948, kwa hiyo anayejua historia anajua unakoelekea, lakini wengi hawajui. Waachie.

Kwetu mwisho wa hadithi hausemwi kabla mtu wa mwisho hajaufikia. Sheria hii tuliitunga kwa ajili ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, maana mwanakundi mmoja alitoboa kila kitu kwa ujumbe wa sauti mrefu ajabu. Ujumbe wa sauti nao, jamani, usipite dakika moja. Bando ni hela.

Rosa Mistika pia ilitufundisha kutaja umri. Kilipotoka mwaka 1971 kilizua kelele hadi kikazuiwa shuleni kwa muda. Mama mmoja wa Itilima aliniuliza kama kinamfaa binti yake wa darasa la sita. Nikamjibu, "Mama, kisome wewe kwanza." Alikisoma, akakifungia kabatini, na akasema atampa binti akifika kidato cha tatu. Sidhani kama kuna mhakiki angeshauri vizuri zaidi.

Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomi: riwaya za upelelezi zina kazi kubwa kuliko wanavyokubali. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, Elvis Musiba na Willy Gamba, wamewarudisha vitabuni watu walioacha kusoma siku walipotoka shule. Mtu akiandika kundini kwamba anasoma Kikosi cha Kisasi, halafu wewe ukamjibu kwamba hiyo si fasihi, umempoteza, na pengine umempoteza na jirani yake aliyekuwa anasoma kimya kimya. Mjibu kwa kumwekea kingine mbele. Aliyemaliza Musiba mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, amkute mpelelezi Bwana Msa. Baadaye mwenyewe atauliza kama Zanzibar kuna vitabu vingine.

Watu huniuliza kwa nini tusiandike maoni kwenye tovuti ya Goodreads kama wasomaji wa nchi nyingine. Nimejaribu. Ukitafuta riwaya ya Kiswahili humo mara nyingi unakuta maoni mawili matatu, tena kwa Kiingereza, na nyingine hazina hata picha ya jalada. Ninaandika huko mara moja moja ili atakayetafuta asikute patupu. Lakini aliye Maswa hawezi kuniazima kitabu kupitia nyota tano.

Kupata habari za vitabu vipya ni rahisi kuliko zamani. Mimi hufuatilia wachapishaji wenyewe, hasa Mkuki na Nyota, walioanza mwaka 1991 chini ya Walter Bgoya. Kwao ndiko Peponi ilikotoka, ile ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli ya 2021. Pia kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Orodha ya washindi ikitoka naibandika kundini, na ubishi hauishi wiki nzima.

Jambo ninalolikataza kama admini ni kupiga picha kitabu kizima na kukirusha kundini. Najua vitabu ni ghali. Lakini mwandishi anakula kwa nakala zinazouzwa, nasi tuna njia nyingine: tunachanga watu wanne watano, mmoja anatuma hela, kitabu kinakuja kwa basi la Mwanza kupitia Lamadi, na foleni ya kukisoma inaandikwa kwa penseli nyuma ya jalada. Kila mtu anaandika jina na tarehe aliyokipokea. Kikichelewa tunajua kimekwama kwa nani.

Nakala yetu ya Peponi sasa hivi iko Maswa kwa muuguzi, ambaye ameniandikia kwamba Yusuf wa kitabuni amemkosesha usingizi na zamu yake ni ya alfajiri. Baada yake ni fundi cherehani. Anayekitaka baada ya fundi aniandikie, ila wenye nguo kwake wazichukue kwanza.