Kusema Bila ya Ilimu, na Khabari Zipelekwazo kwa Simu

 

Ndugu zetu wa pwani wapandao bara kununua vitunguu thomu wanaijua Mbulu. Huko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika nchi ya baridi, iko kata iitwayo Daudi, na wenyeji wake walio wengi ni Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe. Mnunuzi afikapo nchi hiyo hamwamini mpita njia amwambiaye kuwa mzigo wote ni mkavu. Humtafuta mwenye shamba, akakishika kitunguu kwa mkono wake, akakibonyeza, akakinusa, akauliza kimevunwa lini na kimeanikwa siku ngapi, kisha ndipo afunguapo mfuko wake. Hufanya hivyo kwa kuwa fedha ni yake, na khasara ikitokea itakuwa yake.

Basi twataka kumuuliza mtu huyo huyo: usiku, akisha kula na kujinyosha kitandani na simu yake mkononi, mbona huliamini kila neno lipitalo? Huletewa maneno juu ya maradhi, na juu ya mitambo mipya, na juu ya kanuni za serikali, na juu ya kazi za vijana, naye huyapokea yote bila ya kuyabonyeza, na kabla ya kulala amekwisha kuyapeleka kwa jamaa mia. Mtu huyu ana uangalifu katika gunia la vitunguu kuliko katika dini yake na katika watu wake.

Wala asidhani mtu kuwa jambo hili ni dogo. Katika Sura ya Bani Israili tumekatazwa kuyafuata tusiyokuwa na ilimu nayo, na tumekhabarishwa kuwa masikio na macho na nyoyo zetu zitaulizwa. Na katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuichungua khabari ya mtu fasiki, na sababu ya amri hiyo imetajwa papo hapo: tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra (875), amepokea katika mwanzo wa kitabu chake kuwa yamtosha mtu kuhesabiwa mwongo akiwa husimulia kila alisikialo. Angalia vizuri, ewe ndugu. Hakutajwa hapo mwenye kutunga, ametajwa mwenye kusimulia alilolisikia. Wangapi katika sisi hujitetea kwa kusema, "Mimi sikulitunga, nimeletewa tu"? Neno hilo wanaloliona ni udhuru ndilo kosa lenyewe.

Wazee wetu katika ilimu waliliona balaa hili mapema, wakaliwekea dawa, nayo ni isnadi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), na wenziwe hawakukubali hadithi mpaka wajue fulani ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, na je, walionana kweli, na je, hifadhi yake ilikuwa nzuri. Walikuwako watu wa ibada, wenye kusimama usiku na kufunga mchana, na hadithi zao zikaachwa kwa sababu walikuwa wasahaulifu. Watu waliomba baraka kwa dua zao na hawakuchukua riwaya zao. Uchaji ni kitu kimoja, na kulijua jambo ni kitu kingine.

Siku hizi huja ujumbe katika simu, na juu yake imeandikwa kuwa umesambazwa mara nyingi, na msomaji huuona wingi huo kuwa ni ushahidi. Kwa wanavyuoni wa hadithi, wingi ni hoja pale ambapo njia za khabari ni mbalimbali, na kila kundi limeona au limesikia lenyewe. Ama watu elfu walionakili kwa mtu mmoja asiyejulikana, hao wote ni mtu mmoja asiyejulikana.

Tuchukue mfano ulio karibu na Daudi. Kusini ya Mbulu iko wilaya ya Hanang, na ndani yake mlima wa jina hilo, urefu wake kupita mita 3,400, nao asili yake ni volkano iliyonyamaza tangu zamani sana. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo yaliteremka kutoka mlimani yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vilivyo karibu, wakafa watu zaidi ya 80, na nyumba nyingi zikapotea. Mara khabari zikaenea kuwa mlima umelipuka moto. Wataalamu wa miamba wakapelekwa, na serikali ikatangaza waliyoyaona: haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikunywa maji hata ikalemewa, ikakatika, ikaporomoka pamoja na kila kilichokuwa njiani mwake.

Huenda mtu akasema, "Ikiwa watu wamekwisha kufa, kuna faida gani kujua kama ni moto au ni tope?" Iko faida kubwa. Mwenye kuogopa volkano huukimbia mlima wote, tena hungoja moshi. Mwenye kujua kuwa ni tope huangalia mvua, na huacha kujenga katika mapito ya maji, hata kama mlima haukutoa moshi wala mtetemeko. Dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya mwingine, na aliyewapa watu jina la uwongo la balaa lao amewaelekeza kwenye kinga isiyowafaa.

Na wako waliofanya kinyume zaidi, nao hupatikana kila linapotokea janga: huketi mbali, kwenye miji mikavu, wakasema kuwa watu wale wameadhibiwa kwa sababu hii na hii. Nani aliyewapa ilimu ya ghaibu? Mwaka wa 10 wa Hijra alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Maneno yale yalikuwa ya kumtukuza yeye, na laiti angalinyamaza yangalizidi kuaminiwa. Lakini hakuyaacha. Aliwasalisha, kisha akawaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa Mtume hakukubali uwongo juu ya jua hata ulipokuwa wa kumsifu mwanawe, sisi twapata wapi ruhusa ya kusema uwongo juu ya mlima ili kuwashutumu wafiwa?

Na neno hili latuhusu hata sisi wenye vilemba. Mtu akisoma fikihi miaka ishirini hajawa kwa hiyo tabibu, wala fundi wa mitambo, wala mjuzi wa miamba. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka nchi zote hizi za Afrika ya Mashariki, na wa pwani wakiwamo, walipanda hata Samunge katika Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Magari yalipangana mwendo wa kilomita nyingi. Wagonjwa waliotolewa vitandani mwa hospitali walifia njiani, na wako walioacha dawa zao za kila siku. Aliyeulizwa wakati ule, naye hana ilimu ya tiba, akasema "nendeni", amesema alilokuwa halijui, awe sheikh au awe mchukuzi.

Ama katika kanuni za serikali, upuuzi ni mwingi kuliko huo, kwa sababu kila mtu hujiona kadhi. Tanganyika na Zanzibar zilizo dola moja tangu 1964 zina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 ya mwaka huo. Barazani utamsikia mmoja akisema kuwa ukipeleka khabari yoyote isiyo sahihi umekwisha kufungwa, na wa pili akasema kuwa sheria hiyo ni ya kuwatisha wakubwa wa siasa tu, mtu mdogo haimgusi. Na wote wawili hawajaifungua. Kifungu cha 16 chamtaja mwenye kutangaza habari hali ya kuwa ajua kuwa ni ya uwongo, na akakusudia kudhuru au kupotosha watu. Kujua na kukusudia ni mambo yenye uzito mbele ya hakimu, kama nia ilivyo na uzito mbele ya Mola wetu. Mwenye kesi na aende kwa wakili, na asiye na kesi asiwape watu hukumu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo laumiza nyumba nyingi, nalo ni kutafuta kazi. Kijana amalizaye shule katika Daudi na kijana amalizaye shule katika Pangani hupata ujumbe ule ule: nafasi zimefunguliwa bandarini, au katika shirika kubwa, au Maskati au Dubai, mshahara mwema, na sharti ni kutuma fedha kidogo ya fomu, au ya kupimwa afya, au ya kumshukuru bwana fulani aliye ofisini. Mama akauza mbuzi. Fedha ikenda, na namba ile haipokei tena. Na ukiuliza ujumbe ule ulimfikaje, utaona kuwa haukutoka kwa mwizi moja kwa moja. Ulitoka kwa mjomba, au kwa imamu wa msikiti, au kwa rafiki wa shule, watu wema waliotaka kumsaidia. Mwizi hutumia wema wao kama mvuvi atumiavyo chambo.

Na yatosha kujua haya machache. Kazi za serikali ya Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa mfumo wake uitwao Ajira Portal, wala haitozi mwombaji hata senti. Mwenye kutaka fedha kwa ajili ya nafasi hizo ni mlaghai, ajapotumia mhuri na picha ya jengo. Na ujumbe wa ulaghai hupelekwa kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano ili namba za walaghai zifungwe.

Yako na maneno mengine juu ya kazi yasiyoiba fedha lakini huiba moyo. Mtu humwambia kijana, "Usijisumbue, kazi ni kujuana." Hatukatai kuwa upendeleo upo, na mwenye kuukataa atachekwa. Lakini kutoka kwenye neno "upendeleo upo" hata kwenye neno "usiombe" ni safari ndefu, na msemaji huiruka kwa ulimi. Mara nyingi yeye mwenyewe hajapata kuandika barua ya maombi maishani mwake. Anayetakwa shauri amewekewa amana, na asiyejua jambo hana shauri la kutoa.

Hapa yataka tahadhari, mtu asije akafahamu kuwa twataka wasomi peke yao waseme na watu wengine wafumbe vinywa. Mtume (s.a.w.) alipowakuta watu wa Madina wakipandisha mitende, akaona kuwa huenda haina haja, nao wakaacha, na matunda yakapungua, aliwarudishia jambo lao na kuwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Waliokuwa wajuzi pale ni wakulima. Kadhalika mzee wa Daudi ambaye hajui kusoma, lakini amelima mteremko ule miaka arubaini, ni mwenye ilimu ya mteremko ule, na mwanachuo wa mjini akitaka kusema juu ya udongo wake na akamsikilize kwanza. Ilimu haina kilemba wala shahada peke yake. Swali ni moja tu: wewe usemaye, umelijuaje?

Imepokewa kuwa Imamu Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Naye alikuwa Imamu wa Madina.

Limebaki suali moja, nalo huulizwa sana: mtu akiwa amekwisha kupeleka khabari ya uwongo, kisha akajua, afanye nini? Jawabu ni kuwa kufuta ujumbe katika simu yake hakutoshi, wala istighfari ya moyoni peke yake. Katika Sura ya Al-Baqara, walioficha haki wameshurutishiwa katika toba yao kutengeneza walichokiharibu na kubainisha. Basi ikiwa aliipeleka kwa jamaa mia, na awaandikie mia hao hao, kwa maneno yaliyo wazi, kuwa khabari ile si ya kweli. Na ikiwa kuna aliyetoa fedha kwa sababu yake, amwendee mtu huyo kwa miguu yake, amtake radhi, na amsaidie kwa awezalo kuifuatia.