Somo la Mwezi: Kwa Nini Watu wa Igoma Hawasadiki Habari za Maji

Katika somo hili twataka kuliangalia jambo moja lisumbualo nyumba nyingi za mji wa Mwanza, hasa za wale wakaao pembeni, Igoma na Buhongwa na Kisesa, na za wale waliojenga juu ya vilima vya mawe. Ziwa li karibu nao hata waweza kuliona. Mabomba yamefukiwa mbele ya milango yao. Matangazo yasema ya kwamba maji yameongezwa. Lakini watu hawasadiki. Ikitangazwa kwamba maji yatafunguliwa Jumanne, wako wachekao, na mama wa nyumba hutuma watoto na madumu kisimani kama kwamba tangazo halikutolewa. Hatukusudii kuwakemea wachekao. Twataka kujua kicheko hicho kimetoka wapi, na kama kina haki au hakina.

Igoma ni kata ya wilaya ya Nyamagana, upande wa mashariki wa jiji, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Wengi katika nchi yetu waijua kwa ajili ya makaburi ya ndugu zetu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Tangu siku hizo mji umekua mno pande zile, na nyumba zimetangulia mabomba.

Na tuanze na maji yenyewe, kwa kuwa watu wengi hubishana juu ya wakubwa kabla hawajaijua njia ya maji. Kwa miaka mingi jiji la Mwanza lilinywa hasa kutoka chanzo kimoja, kile cha Capripoint. Hapo maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa na kutiwa dawa, kisha husukumwa kwa mashine hata matenki yaliyo juu ya vilima, na kutoka huko huteremka majumbani kwa uzito wao wenyewe. Chanzo hicho chaweza kutoa kama lita milioni 90 kwa siku. Mwaka 2022 mahitaji ya mji yalitajwa kuwa lita milioni 160. Ndipo kikajengwa chanzo cha pili huko Butimba, kwa mikopo ya Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, chenye nguvu ya kutoa lita milioni 48.

Sasa mwalimu awafanyishe watu wake hesabu hii ubaoni, maana ni hesabu ya darasa la chini wala haimshindi mtu. Milioni 90 na milioni 48 ni milioni 138. Ukitoa katika milioni 160, zasalia milioni 22 zisizopatikana. Kwa hiyo hata siku ile mitambo yote miwili ifanyapo kazi bila kasoro, na umeme usikatike hata saa moja, mahitaji yale ya mwaka 2022 hayajatimia, nao mji haukuacha kukua tangu hapo. Jambo hili halikufichwa; mtu aweza kulipata katika taarifa zilizotolewa wazi. Lakini katika sherehe hutajwa zile milioni 48, na hizo milioni 22 hazipigiwi ngoma. Mtu wa Igoma asikiaye ngoma tu, kisha akafungua koki na kuona pumzi ikitoka, atasema nini? Atasema ameongopewa, ijapokuwa hakuna neno moja la uongo lililosemwa.

Tena liko jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Maji yatokayo mtamboni hayafiki yote. Mengine huvuja katika mabomba yaliyochakaa, mengine huchukuliwa kwa siri, mengine hunywewa lakini dira iliyokufa haiyahesabu. Taarifa za EWURA, mamlaka ya Serikali isimamiayo bei na huduma za maji, zimeonyesha katika miaka ya karibuni ya kwamba kwa mamlaka za maji za nchi hii kwa jumla, kama theluthi moja ya maji yaliyotengenezwa hupotea njiani au hayalipiwi. Tukiipima Mwanza kwa kipimo hicho cha nchi nzima, theluthi ya milioni 138 ni milioni 46, nazo ni karibu sawa na chanzo kizima cha Butimba. Kuziba matundu hakuna utepe wa kukata wala jiwe la msingi la kufunua, na kwa sababu hiyo, twadhani, hakusemwi sana katika mikutano.

La tatu ni kupanda. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kila mita kumi za kupanda zahitaji nguvu zaidi katika bomba. Umeme ukipungua, au bomba likivuja bondeni, wa kwanza kukaukiwa ni yule aliye juu na yule aliye mwisho wa bomba. Wa bondeni aliye karibu na tenki huendelea kuoga. Yule wa juu hutazama chini, aona jirani akimwagilia maua, naye hana habari ya nguvu za maji; huona upendeleo. Na huenda kweli upo upendeleo, maana iko mikono ifunguayo na kufunga vali. Shida ni kwamba kwa macho hawezi kutambua kama amekaukiwa kwa sababu ya kilima au kwa sababu ya mtu. Tiba ya shaka hii ni ratiba ya mgawo iliyoandikwa, ibandikwe penye ofisi ya mtaa, nayo ifuatwe. Pasipo ratiba, kila mtu hujiandikia yake kichwani, na humo kichwani mna majina ya watu.

Twasikia pia lawama ya kwamba dira huhesabu upepo, na mtu hulipishwa maji asiyoyapata. Wako wasomi wanaoidharau lawama hii. Wasiidharau. Maji yarudipo baada ya siku za mgawo, husukuma mbele yake hewa iliyojaa katika bomba tupu, na hewa hiyo yaweza kuizungusha dira. Ni kiasi gani, ni jambo la kupimwa nyumba kwa nyumba. Na bomba tupu lina hatari nyingine iliyo mbaya kuliko ankara: likiwa na tundu, laweza kunyonya maji machafu ya mtaro, kisha kuyapeleka majumbani maji yafunguliwapo. Mwezi wa Januari 2024 mkoa wa Mwanza pamoja na Shinyanga na Simiyu ilipatwa na kipindupindu. Hatusemi ya kuwa mabomba ndiyo yaliyokileta. Twasema kwamba mji unywao kwa mgawo, na watu wake wengine wakinywa visimani na madumuni, hauna nafasi ya kuchezea jambo la maji, na mtu asiyesadiki tangazo la saa ya maji hatasadiki upesi tangazo la kuchemsha maji.

Basi na tuulize: je, kutosadiki huku kulianza Butimba? La. Kuna mizizi mirefu.

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwa barua ya kwamba pasipo ridhaa ya Misri isijengwe kazi yo yote katika mto Nile na maziwa yake, ndani ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, itakayopunguza maji yafikayo Misri. Wavuvi na wachungaji wa pwani ya ziwa hili hawakuulizwa. Tarehe 4 Julai 1962 Serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani ya kuwa haifungwi na mapatano hayo. Hata hivyo ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla ya kazi kubwa kufanyika. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kazi ya kuyatoa maji ziwani huko Ihelele, wilaya ya Misungwi, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Misri ilinung'unika, Tanzania ikaendelea, na mwaka 2009 mradi ukafunguliwa. Baadaye maji hayo yakapelekwa mbele hata Nzega, Igunga na Tabora. Na mapatano mapya ya nchi za bonde la Nile, yaliyotiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, yamepata nguvu ya sheria mwezi wa Oktoba 2024.

Twakiri ya kwamba kuyafikisha maji kwa ndugu zetu wa nchi kavu ni kazi njema sana, wala mtu wa Mwanza asiwaonee kijicho waliokunywa matope miaka yote. Lakini na tuone jinsi jambo hili lionekanavyo toka kilimani. Maji ya Nyanza yamefika Tabora. Kwa Igoma yaja kwa mgawo. Hakuna mhandisi asiyeweza kulieleza: bomba lile ni mradi mwingine, fedha zake ni nyingine, mwenye kuliendesha ni mwingine. Lakini nani amekuja kulieleza?

Mzizi mwingine ni habari ya malipo. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kuwafikishia maji watu wote wa vijijini, mtu asitembee zaidi ya mita 400, na vijijini maji yalikuwa ya bure. Mashine zikaharibika, mafuta yakakosekana, na sera ya maji ya mwaka 1991 ikaleta uchangiaji. Wengi waliohamia mjini wamekulia katika maneno ya bure, nao huuliza: maji ni ya Mungu, twalipia nini? Jibu la haki ni kwamba ya ziwani hayalipiwi. Kilipiwacho ni umeme, dawa, bomba na mshahara. Lakini jibu hili lafaa tu kwa yule ambaye bomba limemletea maji. Yule anunuaye dumu kwa mwenye mkokoteni hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye dira. Hakatai kulipa. Analipa kila siku.

Wala si Mwanza peke yake. Dar es Salaam, mwezi wa Agosti 2003, huduma ya maji ilikabidhiwa kwa kampuni ya City Water, ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, pamoja na Superdoll ya hapa nchini, kwa mkataba wa miaka kumi. Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine walihimiza mpango huo. Mwezi wa Mei 2005, kabla miaka miwili haijatimia, Serikali iliuvunja kwa kusema kampuni imeshindwa kazi. Kesi zikapelekwa kwa wasuluhishi, na mwezi wa Julai 2008 baraza moja liliamua kwamba Tanzania ilikosea katika namna ya kuivunja shughuli ile, lakini halikuiamuru ilipe fidia. Nani alikuwa na haki, wanasheria wameandika mengi. Sisi twaona jambo dogo: wachota maji wa jiji lile hawakuulizwa mkataba ulipofungwa, wala hawakuulizwa ulipovunjwa.

Wasomaji wa Mwanzo sura ya 26 watakumbuka wachungaji wa Isaka na wa Gerari waligombania visima hata visima vyenyewe vikaitwa kwa majina ya ugomvi. Isaka alikuwa na nafasi ya kusogea mbele na kuchimba kingine. Mtu wa Igoma hana mahali pa kusogea. Bomba ni moja.

Sasa twaja kwa kazi ya wasomaji. Sheria iliyoiunda EWURA ni ya mwaka 2001. Kwa sheria hiyo bei ya maji haipandishwi kwa siri: mamlaka ya maji hupeleka maombi, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi, mahali ambapo mtu awaye yote aweza kusimama na kusema. Liko pia baraza la kuwatetea watumiaji, EWURA CCC. Mara nyingi mikutano hii huhudhuriwa na wachache, na wale wachache husema mambo makubwa ya siasa ambayo mwenye kuandika kumbukumbu hana pa kuyaweka. Diwani ajibu kwa hotuba, na mkutano waisha.

Twashauri ya kwamba wazee wa mtaa wakutane kabla, wachague watu wawili wasemao polepole, nao wasiulize chanzo kimetoa lita ngapi, maana hilo litajibiwa kwa furaha. Waulize: katika maji yaliyotoka mtamboni mwaka jana, ni sehemu gani ilipotea? Kata ya Igoma ilipata maji saa ngapi kwa juma, na ratiba yake imeandikwa wapi? Tenki letu ni lipi, nalo hujaa mara ngapi? Fedha za bei mpya zitabadilisha bomba lipi, la mtaa gani, kabla ya mwezi gani? Na mtu mmoja ayaandike majibu katika daftari, pamoja na tarehe na cheo cha aliyejibu.

Mwenye lawama ya ankara aipeleke kwanza kwa mamlaka ya maji kwa barua, abaki na nakala. Asipojibiwa au asiporidhika aipeleke EWURA. Na uamuzi wa EWURA nao waweza kukatiwa rufani katika Baraza la Ushindani. Wasiojua kuandika wasaidiwe na walio na kalamu. Nyumba yenye dira iandike namba za dira jioni kabla ya maji kufunguliwa, na asubuhi baada ya kufungwa, mwezi mzima, na kupima kwa ndoo maji yaliyopatikana. Daftari kama kumi za mtaa mmoja, zilizoandikwa hivyo, zapasa kuwekwa mezani siku ya taftishi.